Trela ya Kwenda na Kurudi

Kabla ya kutukodishia trela yake, Ngari aliuliza, "Ni ya kwenda tu, ama ya kwenda na kurudi?"

Tulikuwa tumesimama uani kwake Kibomet, mimi na shangazi yangu Nasambu, asubuhi moja ya Januari mwaka wa elfu mbili na nne. Mavuno yalikuwa yameisha. Ile trela iliyobeba mahindi ya watu tangu Oktoba ilikaa kando ya tangi la maji bila kazi, na kuku walikuwa wakidonoa punje zilizobaki kwenye nyufa za sakafu. Ilikuwa trela ya chuma ya magurudumu mawili, ya kuvutwa na trekta.

"Ya kwenda na kurudi," shangazi alijibu.

Nilishangaa. Mtu anayehama hurudi na nini? Lakini sikuuliza. Mimi sikuwa mtu wa kuuliza.

"Kwenda mtabeba nini?"

"Vyombo vya nyumba. Mpaka Bungoma."

"Na kurudi?"

Shangazi alimshika mkono akamvuta nyuma ya tangi. Walinong'ona wakiwa wamenipa mgongo. Kisha Ngari alichungulia, akaniangalia kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akatabasamu.

"Kumbe ni mambo mazuri! Basi nitawafungia zile mbao ndefu za kando. Na Kiplimo atawaendesha pole pole. Lakini trela ilale hapa siku hiyo hiyo, mama. Jumapili ina kazi nyingine."

Nilienda kwa shangazi nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alipokufa, na darasa la sita nikaliacha katikati. Shangazi alinilisha. Alikuwa akiuza mitumba katika soko la Kitale, nami nilibaki chumbani kwetu Matisi na cherehani, nikipunguza suruali na kubadilisha zipu. Wateja waliniita Bubu. Walifanya utani tu, na mimi nilitabasamu nikiendelea kukanyaga.

Sikuzaliwa hivyo. Siku moja darasani mwalimu alinisimamisha nisome habari ya uchaguzi, nikasoma kwamba wananchi walipanga foleni kupiga kula. Darasa zima lilicheka, na hata mwalimu alicheka. Sisi watu wa Bungoma ulimi wetu hauchagui vizuri kati ya L na R. Tangu siku hiyo nikawa napima kila neno kabla ya kulitoa, na mengi niliyapima nikayarudisha.

Shangazi hakupima chochote. Yeye alisema kurara, chakura, balua, na aliyemcheka alichekwa pia. Mimi nilizoea kumsahihisha kichwani. Akisema kurara, nilisikia kulala. Nilifanya hivyo miaka saba bila kujua kwamba nafanya.

Ndiyo maana baada ya Krismasi, aliporudi kutoka Bungoma na kuniambia, "Nanyama, mahari yako imepatikana," mimi nilisikia mahali.

"Mahari nzuri," aliendelea, akivua viatu. "Kwa Mukhisa, ule mzee mwenye mashine ya kusaga. Mtu mpore. Amesema iko tayari, tunangojewa tu."

Miaka miwili nyuma nilikuwa nimemwomba kitu kimoja, tena mara moja tu: mahali pa kuweka cherehani nje, penye watu, kibaraza chochote, nijitegemee. Niliijua ile mashine ya Mukhisa. Ilikuwa na kibaraza kipana chenye kivuli, na wanawake walikaa hapo wakingoja unga. Usiku ule sikupata usingizi kwa furaha. Niliwaza nitaandika nini kwenye kibao.

Mwenye nyumba alikuwa ametuambia anauza ploti, kwa hiyo sikushangaa niliposikia kwamba tunahama.

Jumamosi alfajiri Kiplimo alifika na trekta, trela ikiruka ruka nyuma kwenye mashimo ya Matisi. Alikuwa kijana mrefu wa kutoka Mlima Elgon, mwenye koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua. Zile mbao za kando zilikuwa zimeshafungwa kwa waya, zimepita urefu wa mtu. Sakafuni kulikuwa na nyasi kavu nyingi.

Niliona zile nyasi, nikadhani ni za kuzuia vyombo visivunjike. Nikafukia sufuria ndani yake moja moja. Nilijiona nina akili.

Shangazi alisimama mlangoni akionyesha kwa kidole. "Kitanda cha Nanyama. Godoro. Ile boksi. Cherehani." Godoro lilikuwa jipya, bado na nailoni yake. Ndani ya boksi mlikuwa na vikombe sita vyenye maua, na blanketi ambalo sikuwa nimeliona kabla ya siku hiyo. Kitanda chake yeye hakikuguswa. Wala kabati, wala meza, wala picha za mwanawe Wekoye ukutani.

Nilisimama mbele ya kabati nikaligusa, nikamwangalia.

"Hizo zitakuja safari ya piri," alisema. "Funga kamba."

Jirani yetu Wacuka alitoka kuniaga. Alinipa leso, akanikumbatia, na nikashangaa kuona analia.

"Vumilia, mami," alisema sikioni mwangu. "Miezi ya kwanza ndiyo migumu. Baadaye mtu huzoea."

Niliitikia kwa kichwa. Nilijua biashara ni hivyo.

Shangazi alikaa kwenye bati lililo juu ya gurudumu kubwa la trekta, kando ya Kiplimo, amejifunga shali. Mimi nilipanda kwenye trela, nikakaa juu ya godoro. Mbao zile zilikuwa zimeachiana nafasi, na niliiona dunia kwa vipande. Tulipita Kiminini, mashamba ya mahindi yakiwa yamebaki mabua tu, moshi ukitoka pale walipokuwa wanachoma. Watu wa barabarani waliangalia vyombo, wakaniangalia mimi, kisha mbao. Wanawake wawili waliobeba kuni walisimama. Mmoja alimwambia mwenzake jambo, wakapiga vigelegele. Niliwapungia mkono.

Kamukuywa tulisimama kunywa chai na kuacha injini ipoe. Shangazi alivuka barabara kwenda kununua sukari na kreti ya soda. Kiplimo alikuja nyuma kuangalia pini inayoshika trela, akaigonga mara mbili kwa nyundo.

"Sasa, bibi arusi," alisema. "Mbona umenuna hivyo? Ama godoro linachoma?"

Niligeuka kuona ni nani yuko nyuma yangu. Hapakuwa na mtu.

"Nani?" nilisema.

"Si wewe? Ama kuna mwingine tumemfukia kwa sufuria?" Alicheka peke yake. "Ng'ombe nne si mchezo. Kwetu huko juu, mahari kama hiyo ni ya msichana amemaliza kidato cha nne."

"Tunaenda mahali," nilisema. "Shangazi amepata mahali."

"Mahari."

"Mahali. Pa cherehani."

Kiplimo aliacha kucheka. Aliweka nyundo chini taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Dada, mimi si Mbukusu kama nyinyi, mimi nasikia neno vile limesemwa. Mama huyu amesema mahari tangu Kibomet. Kwenda vyombo, kurudi mahari. Hizi mbao unafikiri ni za kuzuia vikombe visiruke?" Aligusa moja. "Si ni za ng'ombe? Wewe hukuwa unajua?"

Niliangalia mbao. Kwa karibu zilikuwa na manyoya ya ng'ombe yaliyonasa kwenye nyufa, meupe na ya kahawia, na katika pembe kulikuwa na mavi yaliyokauka. Nilikuwa nimeegemea hapo tangu asubuhi. Neno lile likarudi, safari hii vile lilivyotoka kinywani mwa shangazi. Mahari yako imepatikana. Iko tayari. Tunangojewa tu.

"Mimi ni dereva tu," Kiplimo alisema, akiangalia barabara. "Mimi ni dereva, sawa?"

Shangazi alirudi na sukari. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu alimwambia Kiplimo akabebe kreti ya soda, akangoja mpaka amevuka.

"Uliniambia mahali," nilisema.

"Nirikwambia mahari."

"Mimi nilisikia mahali."

"Sasa masikio yako ni makosa yangu?" Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitia hofu. Alipanda kwenye ngazi ya trela, akanirekebisha kitambaa cha kichwa kama aliyekuwa akinitayarisha kwenda kanisani. "Mwanamke mahari yake ndiyo mahari yake. Sikiza, Nanyama. Nimekurea miaka saba. Wekoye ana msichana Kimilili, na wazazi wake wametaja ng'ombe nne. Mimi nitatoa wapi? Mukhisa amefiwa, ana nyumba ya mabati, hapigi mtu. Watoto wake ni wakubwa, hawatakusumbua."

"Wana miaka mingapi?"

"Wakubwa," alisema tena. "Ukifika, atakuuliza mbere ya watu kama ng'ombe zipande. Ndivyo ukoo wao hufanya. Ukinyamaza, ni ndiyo. Huna haja ya kusema kitu." Alinipigapiga shavu. "Na wewe kunyamaza unajua."

Kisha akarudi kwenye bati lake juu ya gurudumu.

Ningeweza kuruka pale Kamukuywa. Nimejiuliza mara nyingi. Sikuwa na shilingi, sikumjua mtu hapo, lakini si hilo. Ni kwamba nilikuwa sijawahi kumkatalia shangazi hata kikombe cha chai. Trekta ilinguruma, nami nilikuwa bado nimekaa.

Tuliacha lami, tukashika barabara ya vumbi ya Kimilili. Vumbi liliingia kupitia mbao, likafunika godoro na vikombe na mikono yangu. Mlima Elgon ulikuwa kulia kwetu, na mawingu yameukalia kichwani. Nilianza kujaribu neno moja. Mwanzoni nilitingisha midomo tu. Baada ya Kimilili nililisema kwa sauti, kwani kelele za trekta zilinificha. Hapana. Halina L wala R. Hakuna mtu angeweza kulisikia vibaya, na hakuna mtu angelicheka. Hapana, hapana, mpaka Chwele, vumbi likinijaa mdomoni. Shangazi hakugeuka hata mara moja.

Tulifika saa nane. Boma la Mukhisa liko nje kidogo ya mji wa Bungoma, nyuma ya ile mashine ya kusaga. Mashine ilikuwa imefungwa siku hiyo, na kibaraza kilikuwa kitupu. Kimya chake kilinitisha kuliko watu. Uani kulikuwa na wazee kama sita kwenye viti vya kuazima, na wanawake waliopiga vigelegele mara moja tu, kisha wakakoma pamoja kama walioambiwa. Kando ya ua walifungwa ng'ombe wanne, mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Ubao wa kupandishia ulikuwa umeshalazwa chini.

Mukhisa mwenyewe alinishika mkono kunisaidia kushuka. Alikuwa mzee safi, mwenye koti la kijivu na kofia mkononi. Alinukia sabuni.

"Karibu kwako," alisema. Yeye L na R zake zilikuwa sawa kabisa. Kila neno alilitoa polepole, kama mtu anayehesabu misumari.

Wanawe walianza kushusha vyombo. Walikuwa watatu, wawili wana ndevu. Hawakuniangalia. Kitanda kiliingia katika nyumba iliyokuwa imepakwa upya, godoro likafuata, boksi ikafuata. Waliichukua cherehani ikiwa kichwa chini. Katika muda wa kunywa chai, kila kitu nilichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya ule mlango, na trela ilikuwa tupu, nyasi zake zikiwa zimetandazwa vizuri.

Shangazi alikuwa ameshakaa na wazee, soda mkononi. Aliniita kwa macho nisimame katikati ya uwanja. Nikasimama.

"Kwa ukoo wetu," Mukhisa alisema, "ng'ombe hapandi gari kabla msichana hajaulizwa. Ni haki yake. Nanyama, binti yetu, hawa ng'ombe wapande?"

Nilisikia inzi. Nilisikia Kiplimo akikohoa kule kwenye trekta. Kila mtu aliinamisha kichwa kidogo, akitabasamu tayari, wakingoja kile kimya walichoahidiwa.

"Hapana," nilisema.

Ilitoka ndogo sana. Mwanamke mmoja alianza kigelegele, kwa sababu alidhani nimeguna tu. Kikamfia mdomoni.

"Anasema ana haya," shangazi alisema haraka. "Huyu ana haya tangu mtoto."

"Nimesema hapana. Wasipande."

Hapo hakuna aliyetabasamu. Shangazi aliweka soda chini, ikaanguka, ikamwagika kwenye vumbi, naye hakuiokota. Lakini Mukhisa hakubadilika. Aliniangalia kwa muda mrefu, kichwa upande, kama mnunuzi aliyeonyeshwa kasoro asiyoambiwa.

"Ana sauti," alimwambia shangazi. "Hukuniambia ana sauti." Kisha akaniambia mimi, kwa upole ule ule, "Sawa, tumekusikia. Umechoka na safari. Ingia ndani upumzike, vyombo vyako viko ndani. Haya mengine ni ya watu wazima." Akawainulia wanawe kidole kimoja.

Yule mwenye ndevu nyingi alimfungua ng'ombe wa kwanza. Mwingine akainua ubao, akauegemeza nyuma ya trela. Wanawake wawili walinishika viwiko, polepole, kunielekeza kwenye ule mlango. Nilijua kwamba nikishaingia mle ndani, hapana yangu itakuwa kitu nilichosema nikiwa nimechoka na safari.

Nilijinyofoa. Nilipita mbele ya ng'ombe, nikapanda ubao ule ule aliokuwa anapandishwa, nikakaa katikati ya trela, kwenye nyasi.

"Shuka," shangazi alisema.

"Hapana."

"Nanyama, usiniaibishe. Shuka!"

"Hapana."

Kijana wa Mukhisa alimsukuma ng'ombe kwenye ubao. Kwato zilikwaruza, pumzi yake ikanifikia usoni. Sikuhama. Ndipo Kiplimo aliporuka kutoka kwenye kiti chake, akapiga ule ubao teke.

"Ngoja, bana! Kuna mtu ndani. Huyu ng'ombe akimkanyaga, nani atafungwa? Si mimi mwenye usukani?"

"Mtoe basi," mwenye ndevu alisema.

"Mtoe wewe. Mimi nilikodishwa kubeba, sikukodishwa kubururana na watu." Aliangalia jua, akafuta mikono kwenye koti. "Na hii trela lazima ilale Kibomet leo. Mkikubaliana, tafuteni gari lingine. Mimi naenda."

"Kijana," Mukhisa alisema. "Fikiria vizuri."

Kiplimo alikuwa ameshaingiza gia. Shangazi alikimbia kando yetu mpaka kwenye lango, mkono mmoja umeshika mbao, akiita jina langu. Halafu mkono ukaachia.

Hakuna aliyetuzuia. Hilo lilinisumbua kuliko kama wangetuzuia.

Trela tupu hupiga kelele sana. Nililala kifudifudi nikishikilia waya, nikimeza vumbi. Tulikuwa tumeipita Chwele nilipoona pikapu nyuma yetu. Nyeupe. Jua lilikuwa bado liko juu, lakini taa zake zilikuwa zinawaka. Ilikuwa mbali kama urefu wa uwanja wa mpira. Tulipopanda mlima tukatambaa, nayo ikatambaa. Tulipoteremka, ikateremka. Baada ya muda niliona kilemba cha shangazi kwenye kiti cha mbele, na kando yake kofia.

Kiplimo alipunguza mwendo kabisa, akatoa mkono kuipa njia. Haikupita.

"Dada!" alipiga kelele bila kugeuka. "Trekta! Nani hukosa kupita trekta?"

Nilikuwa nahesabu watu kwenye barabara, na walikuwa wanapungua. Kulikuwa na mtu na baiskeli, kisha mama na mbuzi wawili, halafu mashamba matupu na ile pikapu.

Karibu na Kimilili tulikuta askari wamelaza misumari yao barabarani. Mmoja aliinua mkono, tukasimama. Alianza kumgombeza Kiplimo: ni nani alimruhusu kubeba mtu kwenye trela, hajui sheria, leseni iko wapi. Nyuma yetu pikapu ilikuja mpaka bampa yake ikagusa chuma cha trela, tik, ndogo tu. Mlango ukafunguka. Mukhisa alishuka, akavaa kofia, akanyoosha koti. Alipita kando ya trela bila kuniangalia, mkono umetangulia.

"Afande," alisema kwa furaha. "Habari ya siku nyingi? Wazee nyumbani wazima?"

"Ah, mzee Mukhisa!" askari alisema, na uso wake ukalegea. "Hii mizigo ni yako?"

Nilishuka upande wa pili. Nilipokuwa nakwea mbao, leso ya Wacuka ilinasa kwenye waya, nikaiacha ikining'inia hapo. Shangazi alikuwa anakuja. Mikono ya wale wawili ilikuwa bado imeshikana, wakitikisana na kucheka, nilipoingia katikati yao.

"Mimi naitwa Nanyama," nilimwambia askari. Sikungoja aniulize. Sauti yangu ilikuwa kubwa mpaka yule mwenzake kule kwenye misumari akageuka. "Nina miaka kumi na tisa. Huyu mtu si baba yangu, na mimi si mzigo wake. Andika."